Kama ungeundiwa fimbo ya ajabu inayofanana na tabia yako, ingekuwaje?

Mdadisi aliuliza:

Ndugu zangu, naomba mnisaidie katika jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka ni la kujiburudisha tu, lakini kila ninapokaa kulitafakari linazidi kunipa taabu.

Tuchukulie kwamba kila mtu huundiwa fimbo moja ya ajabu, fupi kiasi cha kushikika kwa mkono mmoja, na kwamba fimbo hiyo haichaguliwi kwa uzuri wake bali hufanana na mwenyewe: mti wake, uzito wake, unyumbufu wake, kilichomo ndani yake, na hasa namna inavyotii au inavyogoma kutii. Mtu akiikuta imelazwa mahali, bila kumwona mwenyewe, aweze kusema, "Hii ni ya fulani." Je, yako ingekuwaje, na ungejuaje kwamba ni yako kweli?

Nauliza kwa sababu nimesoma maelezo mengi ya fimbo ambazo watu hujibunia, na karibu zote ni za kujisifu. Mmoja ana fimbo ya mti uliopigwa radi usife. Mwingine ana ya fedha tupu yenye jiwe la buluu kwenye mpini. Wa tatu yake huwaka mwanga kila penye dhuluma. Sijaona hata mmoja aliyeandika kwamba fimbo yake huchelewa kuitika, au kwamba ukimwazima mtu hairudi na utiifu uleule, au kwamba mbele za watu hufanya maajabu na ikiwa peke yake na mwenyewe hulala usingizi. Ikiwa fimbo ni picha ya mtu, mbona makunyanzi hayamo?

Nijieleze kidogo ili mpate pa kuanzia. Mimi ni mtu wa subira katika kazi ndefu: nipe daftari la hesabu zilizovurugika, nami nitakaa nalo mpaka kila tarakimu ipate mahali pake. Lakini niulize swali dogo linalotaka jibu la papo hapo, kama vile tupite njia ipi, nami nitasimama pale njiapanda mpaka aliyeniuliza achoke na kuamua mwenyewe. Sina sauti kubwa. Sisahau niliyotendewa, mema wala mabaya, na kwa upande wa mabaya sidhani kwamba hiyo ni sifa. Katika rasimu yangu ya kwanza nilijipa fimbo ya mpingo, iliyonyooka, nyeusi, isiyo na nakshi, yenye unywele mmoja wa farasi uliopitishwa katikati. Niliiandika nikaridhika, kisha nikaanza kujiuliza kama nimechagua mpingo kwa kuwa unafanana nami, au kwa kuwa ni mti wa thamani ambao kila mtu angependa kufananishwa nao.

Kwa hiyo naomba mawazo yenu. Mtu aanzie wapi, kwenye mti au kwenye tabia? Kasoro ziwekwe wapi, ili nazo zisigeuke kuwa pambo jingine? Na je, mtu anaweza kujichorea fimbo yake mwenyewe, au hiyo ni kazi ya kuachiwa wanaomfahamu?

Randa na Patasi alijibu:

Ndugu Mdadisi, kazi yangu ni ya mbao, kwa hiyo nitajibu kuhusu mti na kuwaachia wengine hayo ya nafsi. Ushauri wangu ni kwamba usiuchague mti kwa rangi wala kwa sifa ya jina lake. Uchague kwa mwenendo wake, maana mbao zina mienendo, na mwenye kuzishika kila siku huijua hata akiwa amefumba macho.

Tuanze na huo mpingo wako. Uzito wake hupita kilo 1,200 kwa mita moja ya ujazo, ndiyo maana kipande chake kikitupwa majini huzama. Hukua polepole mno. Mti hutaka miaka 70 au zaidi kabla haujafikia unene wa kuvunwa, na hata hapo shina lake aghalabu huwa limepindika na lina nyufa, hivyo sehemu kubwa huishia kutupwa. Kinachobaki ndicho kinachotengenezewa klarineti na oboi, ala za muziki za kupuliza, kwa kuwa ni kigumu, hakinywi unyevu ovyo, na hukubali kutobolewa tundu jembamba bila kupoteza umbo. Lakini mpingo hauna msamaha. Patasi ikiteleza hakuna namna ya kurudi nyuma, na kijiti chake chembamba kikianguka kwenye sakafu ngumu hakipindi, hukatika. Kama umeuchagua kwa ajili ya subira, sawa. Kama umeuchagua kwa ajili ya kutosahau mabaya, umelenga vizuri kuliko ulivyokusudia. Isitoshe, kile kiini cheusi kimezungukwa na ukanda wa mbao ya manjano iliyopauka, ambao mafundi wengi huuondoa wote ili mteja aone weusi mtupu. Ningekuwa nakuchongea mimi, ningeuacha kidogo upande mmoja wa mpini. Hapo kasoro haijachorwa, imeachwa tu.

Mtu asiye kigeugeu ningempa mninga. Mbao yake ikishakauka haivimbi wala haisinyai sana, ndiyo maana hupendwa na wanaotengeneza milango na samani, na mti wenyewe ukijeruhiwa ungali hai hutoa utomvu mwekundu mithili ya damu, ambao hukauka na kuziba jeraha. Msandali ningempa mtu wa aina nyingine kabisa, yule anayependwa na kila anayekutana naye: kiini chake huendelea kunukia miaka mingi baada ya kukatwa, ila ukiwa ardhini mizizi yake hujipachika kwenye mizizi ya miti jirani na kunyonya humo maji na virutubisho. Nawajua watu wa namna hiyo, na sisemi kwa ubaya, kwa sababu harufu yao ni ya kweli. Mwanzi, ambao ni jamii ya nyasi, ni wa mwepesi wa kujifunza. Kuna aina zinazoweza kurefuka karibu sentimita 90 kwa siku moja, ila ndani ni mtupu baina ya kifundo na kifundo, na ukipasuka mahali pamoja mpasuko hukimbia. Na kama kuna anayejiona mwepesi mno kuwa na fimbo ya maana, basi akumbuke balsa, ambayo mita moja ya ujazo wake ina kilo 160 hivi na ukucha huacha alama juu yake: mwaka 1947 msafiri Mnorwe Thor Heyerdahl na wenzake watano walivuka sehemu kubwa ya Bahari ya Pasifiki kwa chelezo cha magogo ya mti huo, safari ya siku 101.

Hata hivyo, kuliko aina ya mti, ningependa utafakari mahali ulipoota. Mti ulioota mteremkoni, au uliosukumwa na upepo wa upande mmoja maisha yake yote, hujenga mbao ya aina tofauti upande mmoja ili uendelee kusimama wima. Ukiutazama kwa nje huoni kitu. Siku unapoupasua kwa msumeno ndipo ubao hujifunga na kuubana msumeno katikati ya kazi, au hujipinda mbele ya macho yako, kwa kuwa nguvu iliyokuwa imeshikiliwa ndani imepata pa kutokea. Mbao kama hiyo haifai kwa meza, na fundi mwenye haraka huilaani na kuitupa kuni. Kwa fimbo inayotakiwa kumfanana mtu, sioni inayofaa zaidi.

Halafu fimbo isikatwe kwa msumeno, ipasuliwe kwa kabari. Msumeno hufuata mstari uliochorwa na fundi, ukakata nyuzi popote zinapokatiza mstari huo, ilhali kabari hufuata nyuzi zenyewe tangu mpini hadi ncha. Kijiti kilichopasuliwa hivyo, hata kikiwa chembamba, hunyumbulika pale ambapo kile cha msumeno kingevunjika mshazari. Hakitakuwa kimenyooka sawasawa. Kitakuwa na kijipindo kidogo ambacho mti ulikuwa nacho, na usijaribu kukiondoa kwa tupa wala kwa msasa.

Kuhusu ule unywele wa farasi, kwa kweli sioni kazi yake. Kama unataka kitu ndani, kiwe na sababu ya kuwamo.

Kioo cha Pili alijibu:

Nashukuru kwa maelezo ya fundi, ambayo yamenifundisha mengi. Mimi nafundisha saikolojia, na nitalijibu swali la mwisho la Mdadisi pekee: mtu anaweza kujichorea fimbo yake, ila atakutana na mitego miwili.

Mtego wa kwanza ni maelezo yanayomfaa kila mtu. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwajazisha wanafunzi wake dodoso la tabia, kisha baadaye akamkabidhi kila mmoja maelezo aliyodai kuwa ni matokeo yake binafsi, akawataka wayape alama kuanzia 0 hadi 5 kwa kadiri yalivyowaelezea. Wastani wa alama ulikuwa 4.26. Kumbe wote walikuwa wamepewa karatasi yenye maneno yaleyale, ambayo kwa sehemu kubwa aliyaokota kwenye kitabu cha unajimu: kwamba una uwezo mkubwa ambao hujautumia, kwamba kuna nyakati unakuwa mchangamfu na nyakati nyingine mkimya, kwamba unapenda kupendwa na bado unajikosoa sana.

Sasa zisomeni fimbo tunazojibunia kwa jicho hilo. "Ina nguvu kubwa, lakini humtii tu mwenye nia njema." Nani atasema hiyo si yake? "Hunyumbulika, ila haivunjiki." Hiyo nayo itadaiwa na umati mzima. Kinyume chake, sentensi ya Mdadisi kuhusu kusimama njiapanda mpaka mwenzake achoke ni sentensi ya mtu mmoja. Dada yangu angeikataa palepale, kwa maana yeye huamua kabla swali halijakamilika. Kwa hiyo, ukimaliza kuandika maelezo ya fimbo yako, jiulize kama kuna mtu unayemfahamu ambaye angesema kwa hakika, "Hii siyo yangu." Usipompata, rudi ukaandike upya.

Mtego wa pili ni ule ambao wahenga waliusema kwa ukali kidogo kwamba nyani haoni kundule. Mwaka 1955 Joseph Luft na Harrington Ingham walibuni mchoro wenye vyumba vinne unaojulikana kama Dirisha la Johari, jina walilolipata kwa kuunganisha majina yao ya kwanza. Chumba kimoja kina yale ninayoyajua mimi na wengine wakayajua. Cha pili kina ninayoyajua nikayaficha. Cha tatu kina wanayoyaona wengine nami siyaoni. Na cha nne hakijulikani na yeyote. Anayejichorea fimbo akiwa peke yake huchota kwenye vyumba viwili vya kwanza tu, tena cha pili hukichota kwa kijiko cha chai. Ndiyo maana fimbo za kujibunia hufanana na picha za pasipoti: ni sisi, lakini hakuna anayetujua kwa sura ile.

Ningemshauri Mdadisi amwendee mtu anayeishi naye, asimuulize "mimi ni mtu wa namna gani," kwani ataishia kupewa sifa za heshima. Amuulize: mimi hufanya nini ninapokasirika, hufanya nini ninapochelewa, na hufanya nini ninapogundua kwamba siko sahihi? Akijibiwa kwa sifa, amrudishe kwenye vitendo. Majibu hayo ayape fimbo iyatende.

Mkazi wa Pembeni alijibu:

Kwa heshima zote, naona mchezo umebebeshwa mzigo usio wake. Fimbo yangu ni fupi, ni nene, mti wake sijali ni upi, na hufanya kazi mara ya pili tu kwa sababu mara ya kwanza huwa sijasikiliza vizuri nilichoombwa. Imekwisha.

Ningeongeza jambo moja, nalo ni kwamba kumtaka kila mtu aorodheshe kasoro zake hakuondoi majivuno hata kidogo. Kuna watu wanaosimulia udhaifu wao kwa madaha kuliko wengine wanavyosimulia ushindi, na mwisho wa yote unachosikia ni "tazameni nilivyo mkweli." Afadhali basi jiwe la buluu.

Mtunza Kumbukumbu alijibu:

Hoja ya Mkazi wa Pembeni isipuuzwe, na nadhani njia ya kutoka humo ni kuacha kwa muda swali la fimbo inafananaje, tukauliza inafanya kazi gani na kwa ajili ya nani. Historia inatusaidia hapo.

Miongoni mwa fimbo za kale zaidi za aina hii zilizohifadhiwa ni zile za Misri, za kati ya takriban mwaka 2000 na 1600 kabla ya Kristo, ambazo leo zimo katika makumbusho kama British Museum ya London na Metropolitan Museum ya New York. Zilichongwa kutokana na jino la kiboko lililopasuliwa kwa urefu, na kwa sababu hiyo zimepinda kama jino lenyewe lilivyopinda, upande mmoja bapa na upande wa pili wenye mviringo. Mchongaji hakulazimisha umbo. Juu yake zimechorwa sura za viumbe vya kutisha, wengi wakiwa wameshika visu, akiwemo Taweret, mungu wa kike mwenye umbo la kiboko. Na baadhi zina maandishi yanayoeleza kazi yake waziwazi: kumlinda mama na mtoto. Baadhi zina ncha iliyosagika, jambo linalowafanya wataalamu wadhani kwamba zilitumika kuchora mstari ardhini kumzunguka anayelindwa. Tazameni basi mambo yalivyo: visu vyote vile, meno yote yale, na kinacholindwa ni mtoto aliyelala. Aliyeitazama sura tu angesema ni silaha ya mtu katili.

Katika masimulizi ya Wagiriki wa kale, Kirke, mungu wa kike mwenye uchawi, huwapa mabaharia kinywaji chenye dawa, kisha huwagusa kwa fimbo na kuwageuza nguruwe. Lakini msimulizi anasisitiza kwamba akili zao zilibaki za kibinadamu. Fimbo ilibadili manyoya na sauti, haikuifikia nafsi. Naliona hilo kuwa onyo kwa yeyote anayefikiri kwamba fimbo yake itamfanya awe mtu mwingine.

Wafanya mazingaombwe wa jukwaani nao wana fimbo, ile nyeusi yenye ncha nyeupe, na kazi yake halisi ni ya kawaida sana: humpa mshikaji kisingizio cha kufumba kiganja ambacho ndani kimeficha kitu, na huyavuta macho ya watazamaji upande usio na jambo. Yaani fimbo ile huonyesha ili kuficha. Hata hivyo watu haohao, wanaojua kuliko sisi sote kwamba kijiti kile hakina nguvu yoyote, walipomzika mwenzao maarufu Harry Houdini mwaka 1926 waliivunja fimbo mbele ya jeneza lake, na desturi hiyo imeendelea katika mazishi ya wenzao hadi leo. Hawakumwekea mtu mwingine airithi. Kwao, nguvu ilikuwa ya mkono ulioishika.

Kwa hiyo swali langu kwa Mdadisi ni fupi: fimbo yako inamlinda nani, na inayavuta macho ya watu yasitazame nini?

Mdadisi alijibu:

Nawashukuru nyote, pamoja na Mkazi wa Pembeni ambaye maneno yake yamenikaa kichwani kuliko alivyotaraji.

Nilifuata ushauri wa Kioo cha Pili nikamuuliza mwenzangu yale maswali matatu. Hakutaka muda wa kufikiri. Alisema: "Ukikasirika, unapanga vitu. Ukichelewa, huombi radhi, unaeleza sababu. Ukigundua kwamba huko sahihi, unanyamaza, kisha kesho yake unatenda kana kwamba siku zote ulikuwa upande wa pili." Hilo la kupanga vitu nililikana, naye akanionyesha rafu ya vitabu.

Fimbo yangu sasa ni ya mninga ulioota mteremkoni, iliyopasuliwa kwa kabari, yenye kijipindo karibu na ncha ambacho mtu haoni mpaka ailaze juu ya meza na kuiona ikitikisika. Mpingo nimeuacha, kwa kuwa mpingo hukatika, nami sijawahi kukatika mbele ya mtu. Mimi hujipinda taratibu, tena nikiwa nimeshaondoka. Unywele wa farasi nimeuondoa, na mahali pake nimeweka kipande chembamba cha fuwele ya kwarzi. Sababu yake ni hii: mwaka 1880 ndugu wawili, Pierre na Jacques Curie, walionyesha kwamba fuwele ya namna hiyo ikibanwa hutoa chaji ya umeme, na ikiachwa haitoi kitu. Nami nisipobanwa siamui. Ukiishika fimbo yangu kwa ulaini na kuiuliza tupite njia ipi, itakaa kimya mkononi mwako hata jua lizame. Ikaze kiganjani mpaka vidole viume, ndipo itaitika, na itaitika vizuri.

Tabia zake nyingine ni kama zifuatazo. Ukiiamuru ifungue mlango, kwanza hunyoosha viatu vilivyoachwa kizingitini, kisha huufungua. Ukiiamuru haraka, huvinyoosha polepole zaidi. Ikishindwa kazi, hutoa sababu, na sababu zake huwa za kweli, jambo linaloudhi zaidi. Hukumbuka kila mkono uliowahi kuishika. Aliyewahi kuiangusha humtii, lakini huongeza uzito kidogo ambao hawezi kuuthibitisha. Haina mwanga wala sauti. Nimejitahidi kuziweka kasoro pale zinapomsumbua anayekaa karibu nayo, si pale zinaponifanya mimi nionekane wa kuvutia, na nadhani hilo ndilo jibu langu kwa Mkazi wa Pembeni: udhaifu unaosimuliwa kwa madaha kwa kawaida ni ule usiomgharimu mtu mwingine chochote.

Swali la Mtunza Kumbukumbu lilinipa kazi kubwa. Fimbo yangu inalinda kazi iliyokwisha kufanywa isivurugwe. Nilitamani kuandika kwamba inamlinda mtu, nikajaribu, lakini kila mfano niliouleta ulirudi kwenye daftari, rafu au ratiba ambayo mtu huyo alikuwa karibu kuiharibu. Nimeliacha jibu lilivyo. Na inayavuta macho ya watu kwenye utaratibu, yasitazame kwamba mwenye fimbo hajaamua.

Limebaki jambo moja la kumuuliza fundi. Mtu hubadilika, japo kidogo. Je, fimbo itabadilika pamoja nami, au itabaki kuwa picha ya siku iliyochongwa?

Randa na Patasi alijibu:

Mbao haiachi kucheza hata ikiwa imekauka miaka mingi. Hewa ikiwa na unyevu hunywa, ikiwa kavu hutoa, na kila inapofanya hivyo huvimba na kusinyaa kwa upana, huku kwa urefu ikibadilika kidogo mno kiasi kwamba hutaweza kupima kwa rula. Kwa hiyo urefu wa fimbo yako usitarajie ubadilike. Unene utabadilika, kwa mninga ni kidogo kuliko kwa mbao nyingi, na rangi itabadilika kwa mwanga na kwa mafuta ya ngozi, hasa hapo unapoikaza. Baada ya miaka kadhaa mtu ataweza kuona vidole vyako vilikuwa wapi. Kama utajifunza kuishika kwa ulaini, sehemu ile haitarudi kuwa kama ilivyokuwa, ila alama mpya zitaanza kando yake.

Kuna tatizo moja la kiufundi ambalo hukulifikiria. Kijiti chembamba chenye kijipindo hakitoboleki kwa urefu. Keekee huenda moja kwa moja, hutokea ubavuni, na nyuzi ulizozihifadhi kwa kabari zitakatwa zote. Fuwele yako itaingia kwa njia moja: fimbo ipasuliwe tena vipande viwili kwa kufuata nyuzi zake, ichimbwe mfereji mwembamba kila upande, fuwele ilazwe humo, kisha vipande viunganishwe kwa gundi na kufungwa kwa jiriwa mpaka ikauke. Kwa kuwa pande zote mbili zimetoka kwenye kijiti kimoja zitakutana vizuri, na kiungo kitakuwa imara kama mbao yenyewe. Lakini mstari wa gundi utaonekana, hata nikiupiga msasa namna gani.

Sasa niambie, mstari huo uwe upande wa kiganja, ambako utausikia wewe peke yako kila ukiikaza, au upande wa nje?